Tofi za Bi Ardis

Jikoni kwa Ardis Kvale, katika mji mdogo wa Elgren kusini mwa Minnesota, mama mkwe na mke wa mwanawe walikuwa wakivutana miaka yote kwa sababu ya neno moja. Neno lenyewe ni karameli. Watu wa huko hulitamka kwa mapigo mawili, "kaa-mel", na ile "ra" ya katikati wanairuka kama mtu anavyoruka dimbwi. Odile, yule mke wa mwana, alizaliwa na kukulia Louisiana, kusini kabisa, na yeye hakuruka kitu. Alisema "ka-ra-mel" bila haraka, kila pigo likipewa nafasi yake.

"Ukiongeza silabi, sukari haiongezeki," Ardis alikuwa akimwambia, huku akikata tofi zake za karameli kwa kisu alichokipaka siagi.

"Na nyie mnaopunguza mnaokoa nini, Bi Ardis? Pumzi?"

"Pumzi, ndiyo. Huku ni baridi, binti. Mtu haachi mdomo wazi ovyo."

Loren, aliyekuwa mwana wa mmoja na mume wa mwingine, alijificha nyuma ya gazeti akicheka kimyakimya. Lakini utani ule ulikuwa na mwiba ndani yake. Tofi za Ardis zilijulikana mji mzima. Kila Desemba, kabla ya mnada wa Krismasi wa kanisa la Kilutheri, alichemsha krimu, siagi na sukari kwenye sufuria yake nzito, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mwiko. Kazi ya Odile ilikuwa kufunga tofi kwenye karatasi ya nta na kuzisokota ncha. Mwaka mmoja aliomba walau akoroge kidogo.

"Kulitamka tu kunakushinda," Ardis alimjibu, "utaipikaje?"

Odile alicheka pamoja nao. Kisha akaenda kusimama nje kwenye theluji mpaka macho yakakauka.

Mwezi wa Agosti, Ardis alianguka katikati ya matuta yake ya maharage. Kilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelegea, mguu anauburuta, na maneno yote yamempotea. Alielewa kila alichoambiwa, ila kinywani lilikuwa limebaki neno moja tu, "sasa". Akitaka maji, ni "sasa, sasa". Akitaka dirisha lifungwe, ni "sasa, sasa", huku machozi ya hasira yakimlengalenga. Wageni walipokuja kumjulia hali alijifunika shuka hadi usoni. Kanisani hakukanyaga tena.

Kila Jumanne alikuja Kirsten, mtaalamu wa usemi, msichana mpole mwenye miwani mikubwa. Aliwaeleza kwamba wapo wagonjwa wanaoshindwa kusema neno lakini wanaweza kuliimba. "Chagueni neno analolipenda. Mwimbieni, huku mkimgongagonga mkono wa kushoto, pigo moja kwa kila silabi. Msimkimbize."

Loren hakuhitaji kufikiri. Alikaa kando ya mama yake akaanza, "Kaa-mel, Mama. Kaa-mel." Neno lilipita upesi kama gari barabara kuu. Ardis alijaribu kulidaka, akalikosa, akajaribu tena, mwisho akageukia ukutani.

Asubuhi moja Loren alipokuwa zizini kwa ng'ombe, Odile aliweka chini viazi alivyokuwa akivimenya, akaufuta mkono wake na kuushika wa mama mkwe. Hakulisema neno. Aliliita, jinsi wanawake wa kwao wanavyowaita watoto waje kula, sauti ikipanda katikati na kushuka mwishoni: "Kaaa... raaa... mel." Akagonga kiganja mara tatu. Ardis alimtazama kwa jicho la zamani, lile la kumsuta. Odile hakujali.

"Nisute tu, Bi Ardis. Mimi nipo."

Aliendelea hivyo kila asubuhi mpaka Oktoba ikaingia na majani ya miti yakapukutika. Wakati mwingine Ardis alivuta mkono wake, wakati mwingine aliuacha. Halafu siku moja, Odile alipoanza tu kugonga, midomo ya yule mama ilijikunja.

"Ka," alisema. Akameza mate. "Ra." Uso ulimwiva kwa jitihada. "Mel."

Loren alikuwa mlangoni, viatu vimejaa tope. "Mama! Umeongea kama mtu wa Louisiana!"

Ardis aliduwaa. Akajaribu kujisahihisha, "Kaa... kaa...", neno likagoma. Akapiga meza kwa kiganja, na hapo kicheko kikamtoka, kicheko cha nusu mdomo kilichomwagika pamoja na machozi. Odile alikuwa ameota mara nyingi siku ya kumshinda mwanamke huyu kwa neno lile. Sasa siku imefika, hakuona utamu wa ushindi. Alimfuta machozi kwa pindo la aproni yake.

"Ukipona utalitamka unavyotaka," alimwambia. "Sitabisha."

Mnada ulipokaribia, Odile alitoa sufuria nzito kabatini. Ardis akatikisa kichwa.

"Mwaka huu watu wale nini, biskuti za Myrna, mshindani wako?" Odile aliuliza. "Kaa hapo uniongoze."

Karameli ya kwanza iliungua. Ya pili ikawa chengachenga kama mchanga. Ndipo Ardis alipovuta kiti chake hadi karibu na jiko. Akigonga mkono wa kiti, maana yake koroga. Akiinua kiganja, epua. Ili kupima kama imeiva, Odile alidondosha tone lake kwenye maji baridi na kumwekea mama mkwe kiganjani. Ardis alilibonyeza kwa vidole, akatikisa kichwa, akagonga kiti. Tena. Na tena. Mara akalibonyeza likakaa linavyotakiwa, akalitia mdomoni.

"Ndi-yo," aliimba.

Odile aliepua upesi.

Ukumbini mwa kanisa alimketisha Ardis nyuma ya meza ya tofi. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona tangu Agosti, na wengi hawakujua waangalie wapi. Myrna Lindquist, aliyekuwa akishindana naye kila mwaka kwa meza ya biskuti, alikuja na kumwinamia Odile.

"Maskini. Anaelewa tukiongea?"

Odile alifungua kinywa kujibu. Mkongojo wa Ardis ukamgusa kiatu.

"Na-e-le-wa," Ardis alisema, akijigonga paja kwa kila pigo. Watu wakageuka. Alivuta pumzi. "Nu-nu-a."

Kicheko kilichozuka kilikuwa cha furaha tupu. Myrna alipigwa na haya, kisha naye akacheka kuliko wote, akachukua mifuko miwili na kuvuta kiti, akakaa karibu na Ardis. Hakuondoka mpaka meza ikabaki tupu.

Januari, Odile alikuwa na unga hadi viwikoni simu ilipolia. Kabla hajafika, Ardis alishaiinua.

"Mi-mi... Ardis."

Upande wa pili alikuwa Eulalie, mama yake Odile. Katika miaka yote ya ndoa, wazee wale wawili hawakuwahi kupita salamu za kadi. Odile alisimama palepale. Sauti ya mama yake ilisikika hadi jikoni, ikiuliza mkono unaendeleaje, usingizi je, na je, binti yake anamlisha vizuri au anampikia vitu vya pilipili tu. Mmoja aliongea polepole kwa ugonjwa, mwingine polepole kwa kuzaliwa, na hakuna aliyemchosha mwenzake.

"Njo-o," Odile alimsikia mama mkwe akisema. "The-lu-ji... i-ki-i-sha."

Odile aliosha mikono. Akapanda juu kwenye chumba cha wageni kilichojaa maboksi, akafungua dirisha licha ya baridi yote ile, na kuanza kukung'uta blanketi.