Maji ya Picha ya Karibu

Msusi alikuwa akipiga pasi shuka jeupe la kuonyeshea filamu yake sakafuni, juu ya blanketi lililokunjwa, kwa sababu meza ya saluni ilikuwa imejaa vitana na vibanio. Hakuwa na mchezo na mikunjo. Mkunjo mmoja ukikaa vibaya, alisema, unaweza kumpa mwigizaji kovu ambalo hakuzaliwa nalo, na watu wakatoka kwenye sinema wakiulizana lile kovu alilipata wapi. Mdogo wake, aliyekuwa mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, alishika pembe mbili za shuka na kulivuta.

"Dada, ile sehemu ya chemchemi itoe," alisema.

"Haitoki."

"Nimechota upepo mbele ya kamera. Watu watanicheka mpaka nihame."

"Watakaocheka watacheka. Vuta hapo, panajikunja."

Filamu ilihusu ndugu wawili wa kike walionuniana miaka mingi, wakaja kukutana kwenye chemchemi, kila mmoja na ndoo yake. Chemchemi yenyewe ilikuwepo. Mama yao alichota hapo tangu usichana wake, yeye na wanawake wote wa mtaa, mpaka kiwanda cha maji ya chupa kilipojenga ukuta wa matofali ya zege kuizunguka. Mtaa uliletewa bomba badala yake. Bomba lilizinduliwa kwa utepe na hotuba, ila maji hayakufuata. Kwa hiyo watu waliamka na mapipa kusubiri maji ya mkokoteni, na ya chemchemi waliyaona dukani, yamefungwa kwa kizibo cha buluu.

Msusi alikwenda getini kuomba apige picha ndani asubuhi moja tu. Mlinzi alirudi na jibu kwamba meneja amesema chemchemi si mahali pa kupigia picha. Basi akaipiga sehemu hiyo nje, kwenye mtaro mkavu ambako zamani maji yalipita, na akamwambia mdogo wake achote kana kwamba yapo. Mdogo wake alichota. Jua lilikuwa kali, na ndoo ilitoka na vumbi.

Mapenzi ya sinema yalimshika Msusi akiwa mdogo. Mtaani kulikuwa na kibanda cha video ambacho watoto hawakuruhusiwa kuingia, lakini mbao zake zilikuwa na ufa chini kabisa, karibu na ardhi. Alilala kifudifudi akatazama kwa ufa huo. Kwa muda mrefu aliwajua waigizaji mashuhuri kwa viatu vyao. Alijua nani anasema uongo kwa jinsi kisigino kinavyogeuka, na nani atakufa kabla filamu haijaisha. Alipokuwa mkubwa na kuingia kwenye majumba ya sinema kwa mlango, alishangaa kuona nyuso, akaona zimezidishwa. Filamu yake ilianza na miguu.

Waliionyesha alasiri, kwenye stoo ya Fundi, jirani yao anayetengeneza redio na aliyekuwa na projekta aliyoiunga kwa vipuri. Madirisha yalizibwa kwa magodoro. Watu walikaa juu ya makreti na ndoo zilizopinduliwa, Mama akiwa mbele kwenye kiti pekee chenye mgongo. Fundi akawasha. Mwanga ulipita juu ya vichwa vyao ukiwa na vumbi linaloelea ndani yake, na miguu ikaanza kutembea kwenye shuka.

Msusi alisimama kando ya projekta. Alikuwa ameitazama filamu ile mara nyingi kwenye kompyuta alipokuwa akiihariri, kipande kwa kipande, akadhani ameimaliza yote. Ilipofika sehemu ya chemchemi alingoja kicheko. Mdogo wake alijifunika uso.

Kwenye shuka, mdogo wake aliinama mtaroni, na mtaro ulikuwa na maji. Yalikuwa maangavu, yakizunguka mawe taratibu, na juu yake kilipita kivuli cha wingu ambalo siku ile halikuwepo. Ndoo ikazama, ikatoa ile sauti nene ya ndoo inayojaa. Msusi hakuwa amerekodi sauti hiyo. Aliisikiliza akiwa amefumbua mdomo kidogo, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa toka mbali.

Mama akasogeza miguu.

"Maji yenu yananilowesha," alisema.

Yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye upindo wa chini wa shuka, yakienea sakafuni. Shuka lenyewe lilikuwa kavu. Fundi akanyanyua nyaya zake haraka akazitundika kwenye msumari. Mwanamke mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake aliinuka, akaigeuza, akaikinga. Wengine wakafanya hivyo hivyo. Wasiokuwa na ndoo walitoka mbio kwenda nyumbani kuzileta, na wakiwa bado njiani sehemu ya chemchemi ikaisha, maji yakakatika.

Mama alichovya kidole kwenye maji yaliyobaki sakafuni, akalamba.

"Ndiyo hayo," alisema. "Yana ladha ya jiwe."

Filamu iliendelea mpaka mwisho. Ndugu wawili walipatana bila kusema neno, mmoja akabeba ndoo ya mwenzake, wakaishia kwenye kona ya njia. Wengine walikuwa wamekimbiza maji nyumbani; waliobaki kutazama walikuwa Mama, Fundi, Msusi na mdogo wake. Hakuna aliyecheka.

Kuanzia hapo filamu ilionyeshwa kila alasiri. Mtaa mzima ulijifunza sinema upesi kuliko wanafunzi wa chuo. Waligundua kwamba picha ya mbali hutoa maji ya kunawa uso tu, ilhali picha ya karibu, pale mdomo wa ndoo unapojaa shuka zima, hufurika pipa. "Tupe ya karibu, Fundi!" walisema wakifika mlangoni, na Fundi aliwapa. Waligundua pia kwamba picha ikisimamishwa maji husimama, tone likabaki linaning'inia hewani chini ya upindo mpaka iendelee. Siku moja Fundi alirudisha filamu nyuma bila kutazama, na maji yote yakatoka kwenye ndoo za watu, yakapanda na kuingia kwenye shuka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa na projekta. Kikawekwa kibao mlangoni: Toeni ndoo zilizojaa kabla ya kurudisha nyuma.

Meneja wa kiwanda alipata habari. Alituma mtu kupima chemchemi iliyo ndani ya ukuta, akakuta haijapungua hata kikombe, kwa hiyo akasema hana neno na wasanii.

Mwenye neno alikuwa Msusi. Alikuwa amepiga filamu ya saa nzima na zaidi. Alikuwa ameuza cherehani yake, amewasuka waigizaji wake bure, ameazima kamera kwa mpiga picha wa harusi na kuirudisha ikiwa safi kuliko alivyoichukua. Sasa watu walikuja kwa dakika za maji, wakajaza, wakaondoka. Wakamwomba akate mengine yote, abakishe chemchemi ijirudie mfululizo.

"Hiyo si filamu tena," alimwambia Fundi. "Hiyo ni koki."

"Ni koki nzuri," Fundi alijibu. "Ina mwanga wake."

Alikataa kwa muda. Kisha alikuja mzazi wa mtaa wa nyuma, katoka kujifungua juzi, mtoto kifuani na ndoo mkononi, akakaa kwa adabu tangu mwanzo wa filamu, akingoja ile sehemu yake. Mtoto alilia kwenye picha za miguu zote. Msusi alivumilia mpaka akashindwa, akamwambia Fundi aruke mbele. Kesho yake alikaa kwenye kompyuta akakata.

Akawa anakuja stoo akishamaliza vichwa vya wateja, anakaa kwenye kreti pembeni. Yeye hakuwa akitazama maji. Alitazama uso wa mdogo wake unaoinama, ukiinuka, ukiinama tena. Kwa kuwa alilelewa na viatu, alikuwa hajawahi kuutazama uso mmoja kwa muda mrefu namna hiyo. Kila alasiri aliona kitu ambacho jana hakikuwepo: koo linalomeza mate, jicho linalotangulia mkono, midomo inayojikunja kabla ndoo haijafika. Kikamjaa kifuani kitu kikubwa ambacho hakukitafutia jina. Alifikiri kwamba labda kamera haipigi kilichopo. Labda inapiga kile ambacho mtu aliye mbele yake anakitaka kwa moyo wote. Kisha alifikiri kwamba yeye ni msusi tu na hajui. Akaendelea kutazama.

Mdogo wake alimkuta hapo siku moja, akakaa kwenye kreti lilelile, wakabanana.

"Siku ile nilikuwa na kiu kweli," alisema. "Mkokoteni ulikuwa haujapita tangu juzi yake. Uliposema chota, mimi sikuigiza."

"Najua. Ndiyo sababu sikuitoa."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Mdogo wake akamwegemea begani. Watu wakaendelea kukinga ndoo mbele yao.

Kisha akaja afisa wa idara ya maji, mtu mpole mwenye viatu vilivyopigwa rangi. Alitazama sehemu ya chemchemi mara mbili, akachukua maji kwenye kichupa, akaenda kuyapima, akarudi na habari njema. Maji yalikuwa salama. Kwa sababu hiyo, mafundi waliokuwa waje kulifufua bomba watapelekwa kwenye mtaa mwingine usio na maji.

"Lakini haya yanatoka kwenye filamu, bwana," Msusi alisema.

"Nimeona. Kazi yangu ni kuuliza kama yapo. Yanatoka wapi, hilo si langu."

"Na umeme ukikatika?"

"Hilo ni la idara ya umeme." Afisa alifunga mkoba wake. "Unatarajia kutengeneza nyingine? Nauliza kwa sababu wenzangu wa afya wamehangaika sana na zahanati ya hapa. Ukiweka zahanati, hata ndogo, mtakuwa mmetusaidia."

Hakuwa anatania. Jambo hilo lilizagaa, na wateja wa saluni wakaanza kuleta maombi huku wakisukwa. Mmoja alitaka barabara. Mwingine alitaka darasa lenye paa. Mzee mjane wa nyumba ya kona hakuwa na nywele za kusuka, ila naye alikuja, akangoja zamu yake kwenye benchi, akasema angependa mkewe apite kwa nyuma kwenye picha yoyote.

"Si lazima aongee," alisema. "Apite tu na shughuli zake."

Msusi alimjibu kwa heshima kwamba hajui filamu hupokea maombi gani. Mzee alisema anaelewa, akabaki kidogo kwenye benchi, kisha akaenda.

Filamu ya pili Msusi aliipiga bila mwigizaji. Aliweka kamera mbele ya ukuta wa kiwanda tangu mchana mpaka jua lilipoinama, mdogo wake akiishikia mwavuli.

"Ukuta utafunguka?" Fundi aliuliza alipokuja kuwatazama.

"Sijui. Mimi naupiga tu."

Siku ya kuuonyesha walikuja wote, wengine na ndoo, wengine mikono mitupu. Mzee mjane alivaa koti. Fundi akawasha, na ukuta ukasimama kwenye shuka, mrefu kuliko stoo, ingawa dari halikusogea. Walikuwa wameupita kila siku bila kuutazama. Sasa waliona kila tofali, alama ya kiganja cha mwashi aliyelisawazisha zege likiwa bichi, na chini kabisa, mstari wa kuvu ya kijani mahali unyevu ulipokuwa ukijipenyeza. Kisha wakasikia maji yakitembea upande wa pili.

Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyemwambia Fundi aruke mbele. Msusi alihesabu nyuso zao katika ule mwanga uliorudi toka kwenye shuka, akaacha kuhesabu, akazitazama tu. Zilikuwa zimetulia na kuinuliwa kidogo, kama za watu wanaosikilizwa.

Mama aliinuka kwenye kiti chake. Akaenda mpaka kwenye shuka, akaweka kiganja chake juu ya picha, na kiganja kikagota. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia kama zege.

"Ni ukuta," alisema, akarudi kukaa.

Ukuta haukufunguka. Kivuli cha jioni kiliupanda polepole, tofali baada ya tofali, mpaka juu, na filamu ikaisha. Fundi alizima projekta, shuka likawa shuka. Mdogo wake Msusi akauliza kama aweke ile ya maji, na waliokuja mikono mitupu wakatoka kwenda kuchukua ndoo.