Msumari wa Pili

Saa mbili asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Aprili, Valborg Sikström alikuwa mezani kwake chuoni akihangaika na jambo dogo. Holger, mtunza jengo, alikuwa amemtania jana yake kwenye ngazi.

"Profesa, kesho ukitoa ile hotuba yako, sema basi kitu kimoja ambacho hata mimi nitakielewa. Miaka ishirini na mbili nakunywa kahawa yenu, sijui hata mnachosherehekea."

Kilichokuwa kinasherehekewa ni tasnifu ya Marit Engfors. Saa sita mchana, kama ilivyo ada, Marit angeigongelea kwa msumari kwenye ubao wa mbao pale ukumbini. Ingening'inia hapo wiki tatu ili kila mwenye neno aseme, kisha angesimama kuitetea mbele ya watu na kuwa daktari wa hisabati. Alikuwa mwanafunzi wa mwisho wa Valborg. Mwezi Juni Valborg angestaafu.

Basi akachukua karatasi ili amwandalie Holger maelezo mepesi. Sura ya nne ya Marit, iliyo ndefu kuliko zote, ilisimama juu ya nadharia iliyoitwa kwa jina la Valborg mwenyewe. Ilisema kwamba mtandao wowote wa nukta na mistari, ukiwa wa aina fulani, unaweza kugawanywa mafungu mawili yanayolingana. Aliithibitisha mwaka 1961 katika tasnifu yake, akaigongelea kwenye ubao uleule akiwa na miaka thelathini na tisa. Ujana wake alikuwa amefunga siagi kwenye karatasi katika kiwanda cha maziwa, na jioni alikwenda darasani na mikono inayonuka siagi, akikaa na wakata magogo waliosinzia juu ya madaftari yao. Kila alichokuwa nacho baadaye, cheo, chumba hiki chenye dirisha la mtoni, wanafunzi wa miaka yote hiyo, kilianzia kwenye nadharia ile.

Alichora nukta, akaunganisha mistari, akaeleza hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye hatua ya nne akakwama. Akafungua tasnifu yake ya zamani aone alivyosema. Pale palikuwa na maneno machache tu: *Ni rahisi kuona kwamba haiwezekani vinginevyo.*

Akajaribu kuona.

Saa tatu ilimkuta bado anajaribu. Saa tatu na nusu alikuwa na mtandao wa nukta kumi na nane, mdogo wa kuenea kwenye kiganja, usiogawanyika kwa namna yoyote. Aliuhesabu mara tatu. Kabla ya mara ya nne akaiweka kalamu chini.

Nje barafu ya mto ilikuwa inapasuka kwa vishindo. Valborg alisimama dirishani, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa kanisani kwao akiwa mtoto, mikono imefumbatana mbele. Lilimjia wazo kwamba hakuna aliyeona kwa miaka ishirini na sita, na wiki tatu ni fupi. Aliliacha likae mbele ya Mungu lilivyo, bila kulipamba.

"Bwana," akasema kwa sauti ndogo, "lililo sawa nalijua. Naomba miguu tu ya kunifikisha."

Kisha akaenda kumwita Marit.

Marit aliingia mbiombio, amevaa sketi ya bluu iliyopigwa pasi, nywele zimechanwa vizuri.

"Keti, Marit."

"Nikikaa nitaikunja sketi. Kuna nini? Nimekosea jina la mtu kwenye shukrani?"

"Wewe hujakosea. Nimekosea mimi."

Akamsogezea karatasi. Marit aliisoma akiwa amesimama. Alikuwa mwepesi wa kuelewa kuliko mwalimu wake. Dakika mbili zilimtosha. Akakaa, na sketi ikajikunja.

"Sura ya nne yote?"

"Yote. Tatu za kwanza haziguswi."

"Tatu za kwanza ni za kusafisha njia tu! Valborg, nakala mia mbili zimeshachapwa. Chuoni Göteborg wananingoja nianze kufundisha Agosti, na bila udaktari hawanichukui. Mama yangu yuko kwenye treni sasa hivi, kapakata keki!"

"Najua."

"Kwa nini leo? Si ungenyamaza? Ishirini na sita, Valborg! Miaka ishirini na sita hakuna aliyeona!"

"Nimeona mimi."

"Basi ungeona mwezi wa saba!"

Alitoka akaubamiza mlango hata chaki zikaanguka ubaoni. Valborg hakumfuata. Alijua kwamba binti yule alikuwa na haki ya hasira yake yote, na kumbembeleza kungekuwa kumwomba aipunguze kwa faida ya mwalimu wake. Aliziokota chaki, akaketi, akachukua karatasi safi. Juu akaandika: *Nadharia yangu ya mwaka 1961 si kweli.* Chini yake akachora zile nukta kumi na nane, akaandika sababu, akatia sahihi.

Holger alikuwa kwenye kijichumba chake chini ya ngazi, anaipangusa nyundo.

"Nipe msumari, Holger."

"Wa Marit ninao hapa."

"Mwingine. Wangu."

"Mtu mmoja msumari mmoja, profesa. Wewe wako ulishautumia, kabla hata mimi sijafika hapa."

Valborg akamwonyesha karatasi. Holger hakuielewa michoro, lakini mstari wa juu aliusoma. Hakutania tena. Akafungua kopo la misumari, akachagua mmoja ulionyooka.

Saa sita ukumbi ulijaa watu kiasi cha thelathini. Mama yake Marit, mwanamke mfupi mwenye koti la kijani, alikuwa ameshaweka keki mezani na anatafuta kisu. Marit alikuja mwisho, macho mekundu. Hakumtazama mwalimu wake. Akapokea nyundo, akaigongelea tasnifu kwenye kona iliyotobolewa, mapigo matatu, na watu wakapiga makofi.

"Na sasa profesa ana neno," akasema mkuu wa idara.

Valborg alikuwa ameandaa sentensi sita. Alizisahau zote.

"Kosa liko sura ya nne," akasema, "na ni langu. Marit aliniamini, kama mwanafunzi anavyomwamini mwalimu. Msimhukumu kwa hilo."

Kikombe kiligonga kisahani, basi. Valborg akachukua nyundo, na kwa mikono iliyozoea kazi kabla ya kuzoea chaki, akaipigilia karatasi yake kando ya tasnifu. Msumari uliingia moja kwa moja.

Ndipo Marit akasogea ubaoni. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma mkaguzi. Kidole kikasimama.

"Mstari wa nane," akasema. "'Ni rahisi kuona kwamba hakuna mgawanyo mwingine.' Mimi sioni."

Valborg akausoma mstari wake. Damu ilimpanda usoni hadi masikioni. Asubuhi ileile, kosa lile likiwa bado bichi, alikuwa ameyaandika tena maneno yaleyale.

"Umesema kweli," akajibu. "Nipe penseli."

Marit akampa ya kwake. Profesa akaegemea ubao, mbele ya watu wote, akaandika ile hatua aliyoiruka: hali ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila moja kwa nini haiwezekani. Ilichukua mistari saba na dakika nyingi. Holger alimshikia karatasi isicheze.

"Sasa je?"

Marit alisoma kutoka mwanzo. Hakuharakisha.

"Sasa naona."

Akaichukua penseli yake. Akaifungua tasnifu pale iliponing'inia, akapekua hadi sura ya nne, akapiga mstari mmoja ulionyooka kukata ukurasa wa kwanza wa sura hiyo, kona hadi kona, akaandika pembeni: *Haisimami. Tazama karatasi iliyo kando.* Akatia herufi za jina lake. Kama sura tatu zingetosha, hilo lingeamuliwa baada ya wiki tatu, na si yeye wala Valborg ambaye angeliamua.

Mama yake alikuwa bado ameshika kisu.

"Sasa keki," akauliza kwa woga, "tuikate au tusiikate?"

"Kata, Mama," akasema Marit, bado anaandika. "Na ya Valborg uikate kubwa. Hajala tangu asubuhi."