Kifuniko cha Ubavu wa Kushoto

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Vijayadashami, mistari mitatu ya majivu kwenye kifuniko cha ubavu wa kushoto wa ndege namba saba haikukutana. Kuhani alikuwa ameichora jana yake kwa vidole vitatu, kuanzia kwenye kifuniko hadi kwenye mwili wa ndege, na ilikuwa imenyooka. Leo ilifika kwenye ufa unaotenganisha kifuniko na mwili, ikakatika, ikaendelea chini kidogo, kwa unene wa ukucha.

Nagaveni Hebbar aliitazama kwa tochi, kisha akaitazama bila tochi. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mwisho wa kiwanda. Hakuna ndege iliyotoka bandani bila sahihi yake, na hii ilitakiwa iondoke Bengaluru saa tano kamili kwenda kwenye maonyesho ya Ghuba. Huko, kesho yake asubuhi, ingeruka mbele ya wajumbe wa nchi iliyotaka kununua ndege za kivita na isiyokuwa na uwezo wa kununua za Ulaya. Wajumbe hao walikuwa wamebakiza ndege mbili za kuchagua: hii, na ile ya Pakistani, ambayo ilikwisha kutua Ghuba tangu juzi. Pakistani ilikuwa imeshauza ya kwake nje. Kiwanda cha Nagaveni kilikuwa hakijauza hata moja.

Anga ya Pakistani ilikuwa imefungwa kwa ndege za India, kwa hiyo namba saba ilibidi izunguke kwa njia ya bahari, na ruhusa ya njia hiyo ilikuwa ya leo tu, mwisho saa sita mchana. Nyingine isingepatikana kabla ya keshokutwa. Siku ya safari aliichagua Mkurugenzi Chinnappa mwenyewe, kwa kuwa Vijayadashami ni siku ya ushindi, na jambo linaloanzwa siku hiyo huhesabiwa limeanza vizuri.

Nagaveni hakwenda moja kwa moja kwa mafundi. Alikwenda kwanza kwenye ubao wa zana. Jana ilikuwa Ayudha Puja, siku ambayo zana hulala. Huoshwa, hutiwa nukta ya unga mwekundu, huvishwa maua, na hakuna anayezigusa mpaka ziamshwe kwa sala asubuhi ya pili. Kila zana ilikuwa katika nafasi yake. Nukta zilikuwa zimekauka bila kupasuka, na shada refu lililopitishwa juu ya zana zote lilikuwa limenyauka palepale lilipowekwa. Kwa hiyo kifuniko kilifunguliwa baada ya ibada, na kilifunguliwa kwa zana isiyo ya kiwanda.

Mafundi walikuwa mlangoni pa banda, wakinywa kahawa na kumalizia bisi za mchele za jana.

"Wale wa Pakistani wana injini ya Mrusi na michoro ya Mchina," alikuwa akisema Ningappa, fundi wa magurudumu. "Halafu wanapaka rangi ya kijani, wanasema ya nyumbani."

"Na yetu ina injini ya nani?" aliuliza Imtiyaz, fundi wa nyaya.

"Ya Mmarekani. Lakini sisi hatuoni haya kusema."

"Kiti cha rubani?"

"Cha Mwingereza."

"Na chao?"

Ningappa alitafuna bisi zake kwanza. "Cha Mwingereza huyohuyo."

"Basi tukianguka sisi, wakianguka wao, anayefaidi ni mmoja."

"Wewe hebu waulize binamu zako wa kule wanasemaje."

"Binamu zangu wako hapahapa mjini, Shivajinagar, wanauza matairi. Wanasema lako la nyuma limebaki nyuzi."

Walicheka wote isipokuwa Basavaraj, mkuu wa waunganishaji, ambaye kiwanda kizima kilimwita Basavanna, kaka Basava. Alibakiza miezi miwili astaafu. Ndiye aliyemfundisha Nagaveni, alipokuja kiwandani bado mwanafunzi, kwamba tochi huelekezwa kwa ubavu wa kitu na si usoni pake, kwa sababu kasoro huonekana kwa kivuli.

"Nani alifungua kifuniko cha ubavu wa kushoto jana jioni?" Nagaveni aliuliza.

"Labda mungu mwenyewe ameshuka kukagua," Ningappa alisema kwa sauti ya chini.

"Angetumia zana za ubaoni," alisema Nagaveni. "Zimepambwa kwa ajili yake."

Basavanna aliweka kikombe chake chini. "Ni mimi, mama."

Alieleza bila kuzungukazunguka. Mwisho wa ibada walikuwa wameisukuma ndege mbele kidogo ili magurudumu yaponde ndimu, kama inavyofanywa kwa kila chombo cha magurudumu. Yeye alikuwa akitembea kando yake, kiganja ubavuni, na ndimu zilipopasuka alisikia kitu kikigonga ndani, mara moja, kidogo. Wengine walikuwa wanapiga makofi na kuvunja boga la ibada. Alikwenda nyumbani, akala. Kabla ya giza alirudi. Mlinzi alimjua, akamfungulia. Nyuma ya kifuniko alikuta kibano cha nyaya kimelegea. Alikikaza, akafunga, akaondoka.

"Kwa nini hukunipigia simu?"

"Ungekuja, ungekuta zana zimelala, ungesema tungoje asubuhi."

"Ningesema hivyo, ndiyo."

"Na asubuhi ungetaka kila kitu kikaguliwe upya, na saa tano ingetupita. Ndiyo maana sikupiga."

"Ulikazia nini?"

"Bisibisi ya skuta yangu."

Safari hii hata Ningappa hakucheka.

"Ulikuwa na ubao mzima mbele yako, Basavanna."

"Zimelala, mama. Ya skuta ilibaki kwenye mfuko wake, haikulazwa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Sijawahi kumwona mtu akiziamsha kabla ya wakati."

Alikwenda kuileta. Ilikuwa bisibisi ya kawaida, mpini wake umefungwa utepe. Nagaveni aliiweka chini ya lenzi. Pembe moja ya ncha haikuwapo. Kipande kama punje ya ufuta kilikuwa kimemeguka. Alitazama palipomeguka. Mmeguko mpya hung'aa na wa zamani hufifia. Huu uling'aa upande mmoja na upande wa pili ulikuwa umejaa mafuta.

"Imemeguka lini?"

"Sijui. Jana sikuitazama ncha, si kabla, si baada." Aliinama akaitazama. "Mwanafunzi angenifanyia hivyo, ningemrudisha kwao."

Nyuma ya kifuniko kile ulipita mkono wa chuma unaosogeza ukingo wa bawa la kushoto. Punje ya chuma ikiingia kwenye kiungo chake ingeweza kukaa mwaka mzima bila kufanya lolote. Ingeweza pia kukwamisha bawa ndege ikijipindua kwa mara ya kwanza.

Mkurugenzi Chinnappa alikuja akiwa na nukta nyekundu mbichi kwenye paji la uso. Alikuwa ametoka hekaluni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa kupiga kelele.

"Ni ya jana au ya zamani?" aliuliza.

"Siwezi kusema."

"Kisia."

"Nikikisia, utakuwa na makisio yenye sahihi yangu."

"Nagaveni." Alishusha sauti. "Nimeanza na ndege hii ikiwa mchoro. Nimezika mawaziri wanne walioniahidi kwamba mwaka huu tutauza. Kesho wale wajumbe wataona ndege moja ikiruka. Haitakuwa yetu. Unajua wataandika nini huko ng'ambo ya mpaka?"

"Najua. Sisi tungeandika hivyohivyo."

"Kifungueni, mkimulike kwa tochi, mkifunge. Una saa tatu."

"Saa tatu zinanitosha kutafuta mahali panapoonekana. Punje haitakuwa mahali panapoonekana."

Rubani Mascarenhas alikuwa amekwisha kuvaa sare yake ya kurukia na kuegemea ngazi. "Sijaulizwa," alisema, "lakini anayekaa juu ya hiyo punje ni mimi. Dada akitia sahihi, naruka. Asipotia, narudi kuvua hivi viatu, maana vinanibana."

Chinnappa alitazama ndege, kisha saa. "Wanafungua sasa," alimwambia Nagaveni. "Ukiridhika kabla ya saa sita, inaondoka."

Walianza kwa mfuko wa skuta, kwa kuwa ndio uliokuwa rahisi. Waliumwaga juu ya shuka jeupe wakapitisha sumaku. Walipata chembe za kutu na ufunguo wa kufuli ambalo halikuwapo tena. Kisha wakaja kwenye ndege. Imtiyaz alichomoa nyaya moja moja, akazifuta kwa kitambaa cheupe, akakinusa kila kitambaa kabla ya kukiweka chini ya lenzi.

"Unanusa nini?" Ningappa alimuuliza.

"Chuma kina harufu."

"Hakina."

"Chako hakina. Chako ni matairi."

Ilipofika saa sita walikuwa hawajafika hata kwenye kiungo cha mkono wa chuma. Nagaveni alikuwa amelala chali chini ya bawa. Alisikia hatua za Chinnappa zikija, zikasimama, zikaondoka. Yeye hakutoka. Aliendelea na skrubu iliyokuwa mkononi.

Waliufungua mkono wote wa chuma, wakauosha kipande kwa kipande, wakaichuja petroli ya kuoshea kwenye kitambaa. Basavanna hakuruhusiwa kugusa ndege. Ndiyo kanuni, na Nagaveni ndiye aliyemwambia. Alikaa kwenye kiti karibu na ukuta, mikono magotini, akiwatazama. Mara moja tu alisema, "Mgeuzieni tochi ubavuni," na wakaigeuza.

Kesho yake, kabla ya saa tatu, mtu aliwasha televisheni ya kantini. Ndege ya Pakistani ilitoka kwenye mstari wake peke yake. Kabla haijaanza kwenda, fundi mmoja mwenye masharubu ya mvi aliishika chini ya tumbo kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo, akarudi nyuma. Ikaruka. Ilipanda wima, ikajipindua, ikashuka, ikapita juu ya majukwaa kwa ubavu.

"Mkia umeyumba pale," alisema Ningappa.

"Haukuyumba," alisema Imtiyaz.

Ningappa alitazama mpaka ndege ikapotea nje ya picha. "Haukuyumba," alisema.

Nagaveni alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Ndani ya namba saba hapakubaki mahali ambapo hawajapaona, na punje haikuwamo. Lakini kutoiona hakukumwambia iko wapi, na asingeweza kutia sahihi juu ya kitu ambacho hakijaonekana. Alimgeukia Basavanna.

"Kabla ya ndege, hiyo bisibisi uliitumia lini?"

"Asubuhi ileile ya puja. Nilifungua ubavu wa skuta niioshe kabla ya kuipamba."

"Skuta iko wapi?"

"Hapo nje, mama. Naipanda kila siku."

Ilikuwa imeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta, skuta ya zamani ya rangi ya samli, na shada la maua lililokauka bado lilikuwa limening'inia kwenye usukani. Kila skrubu ya ubavuni ilikuwa imepakwa msandali na nukta nyekundu, kama karibu kila kitu kingine alichokuwa nacho mtu yule chenye chuma ndani yake. Nagaveni alipiga magoti. Alikwangua ya kwanza kwa sindano. Haikuwa na kitu. Alikwangua ya pili. Chini ya rangi iliyokauka, kwenye mfereji wa skrubu, palikuwa na kitu kilichong'aa.

Alikitoa kwa kibano kidogo, akakipeleka chini ya lenzi, akakisogeza kwenye ncha ya bisibisi. Upande uliong'aa ulikutana na uliong'aa, na wenye mafuta na wenye mafuta. Alikitoa na kukirudisha mara kadhaa. Kisha akamwita Imtiyaz naye ajaribu, halafu Ningappa, bila kuwaambia yeye ameona nini.

"Ni chenyewe," alisema Ningappa.

Chinnappa aliinama kwenye lenzi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kwa hiyo jana ndege ilikuwa safi."

"Ndiyo, bwana."

"Toka asubuhi ilikuwa safi."

"Ndiyo. Ila jana hatukuwa tunajua."

Alijinyoosha. Alionekana mzee kuliko juzi. "Kile kibano alichokaza," aliuliza, "kingeleta nini kama asingerudi?"

"Kingesugua nyaya. Katika safari ndefu ya baharini zingeweza kuchubuka."

"Andika na hilo."

Aliandika yote mawili. Basavanna alisoma taarifa yake akiwa amesimama, akasema skuta ni ya mwaka mmoja nyuma kuliko ulioandikwa, na Nagaveni akasahihisha. Kisha Basavanna akatoa mfukoni muhuri wake mdogo wa shaba, ambao muunganishaji hupigia alama ya kazi aliyoimaliza, akauweka mezani mwenyewe kabla hajaombwa.

"Utarudishiwa baada ya kikao cha nidhamu," Nagaveni alisema. "Au hutarudishiwa. Sijui."

"Najua hujui, mama. Ungejua ungesema."

Namba saba iliunganishwa upya usiku ule na watu wengine, na Nagaveni akakagua kila skrubu. Ruhusa mpya ya njia ya bahari ilipokuja, alitia sahihi. Mascarenhas aliondoka nayo ikiwa haina majivu wala ua, kwa sababu ilikuwa imeoshwa yote.

Jioni simu ya Nagaveni iliita. Ilikuwa sauti ya Mascarenhas, yenye upepo mwingi nyuma yake. Alikuwa ametua. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuondoka tangu mchana na hakuna aliyejua wamesema nini. Ndege ya mizigo iliyobeba vifaa vyao ilikuwa bado njiani, kwa hiyo hawakuwa hata na vigingi vya kuzuia magurudumu.

"Kwa hiyo imesimama vipi?" aliuliza Nagaveni.

"Wametuegesha kando ya wale wa Pakistani. Mzee wao mmoja, mwenye masharubu, alikuja akatazama magurudumu. Akarudi kwao, akaleta vigingi vyao vya akiba, akaviweka mwenyewe."

"Umevikagua?"

"Nimevikagua," alisema Mascarenhas. "Vimekaa sawa."