Pikapu Iliyolala Pua Chini

Mwaka ule wa 1997, mtaani kwetu Gisenyi sote tulikuwa mabingwa wa kuegesha gari: pua chini, mkia juu, magurudumu yameelekea njia ya Goma. Waasi wakishuka milimani, unaachia breki tu, gari linateremka lenyewe hata kama betri imekufa. Mume wangu Viateur aliilaza pikapu yetu hivyo miezi yote. Na hapo hapo mteremkoni, kila asubuhi, alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichomeka, akakitoa tena.

"Iko plein, imejaa, Mama Keza," alikuwa akisema, nami nikiendelea na chai yangu.

Siku tuliyokwenda Kanama kumtoa mama yangu, Mukandori, baada ya kilima cha jirani kushambuliwa, Viateur alipima vile vile. Tulimpakia mama na godoro lake na gunia la maharagwe alilokataa katakata kuliacha. Wakati tunaondoka ilikuwa alasiri na barabara imeshakuwa tupu. Sitajifanya shujaa: niliogopa mpaka meno yakagongana.

Tulipopita Mahoko, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani.

"Ile taa ni ya nini?"

"Ya oili. Inadanganya. Mi nilipima asubuhi."

"Papa Keza, sikia injini inagonga!"

"Tukisimama hapa, tunakufa."

"Na ikikwama? Si tunakufa hapa hapa?"

Mama, aliyebanwa katikati yetu, akaanza rozari. Viateur akatukana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mkwe wake, akasimama penye tambarare kando ya shamba la migomba. Akazima injini. Miezi ile hakuna dereva aliyethubutu kuzima injini kwenye barabara hiyo, na ukimya ulionishika masikio sijausahau.

"Tungoje oili ishuke kwanza," akanong'ona akifungua boneti; nami nikashuka.

Tukangoja. Kila jani la mgomba lilipotikisika nilimwona mtu mwenye bunduki. Hatimaye Viateur akachomoa kijiti, akakifuta kwa shati, akakirudisha, akakitoa. Kikavu. Akakitazama, akaitazama barabara ilivyokuwa tambarare chini ya magurudumu, na nikaona uso wake ukibadilika. Kule nyumbani, gari likiinamisha pua, oili kidogo iliyobaki ilikuwa ikikimbilia mbele, kilipo kijiti, na sisi tukadhani imejaa. Kwa sababu ya kujiandaa kukimbia, tulikuwa tumekaribia kuua injini. Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumshika mkono, vyote kwa pamoja.

"Bon. Bidon ya oili iko nyuma ya kiti," akasema.

Alimimina kwa haraka, oili nyingine ikamwagika juu ya injini. Tukangoja tena ishuke. Alikuwa amechomoa kijiti mara ya mwisho, na kimelowa vizuri, wakati kitu kilipokohoa ndani ya migomba. Viateur akageuka haraka, kijiti kile cha chuma mkononi.

"Baba, mutuhurumie," ikasema sauti ya mwanamke, iliyokauka kwa woga. "Tuko na watoto tu. Hatukuona kitu. Musituue."

Sikuelewa mara moja kwamba anasema nasi. Kisha nikatuona kama alivyotuona yeye: gari limesimama ghafla pasipo na nyumba, injini imezimwa, watu wananong'ona, na mwanamume ana chuma mkononi. Viateur akakificha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa.

"Sisi si watu wabaya!" nikaita. "Tulikuwa tunapima oili tu! Mukuje, nafasi iko, tunaenda Gisenyi!"

Mama naye akashuka, akawaita kwa Kinyarwanda, akawaapia kwa jina la Mungu. Alilia akiwaita.

Tukasikia migomba ikivunjika, na nyayo, kubwa na ndogo, zikitukimbia kupanda mlima, kule kule walikokuwa waasi.