Ufunguo kwenye Suti ya Kijivu

Saa kumi na moja na nusu jioni Tryphena Wakesho alimaliza kupinda sketi ya kumi na nne, akakata uzi kwa meno, akaifunika cherehani. Duka lake la sare za shule liko Mwatate, nyuma ya soko, na nyumba yake iko mwendo wa dakika tano kutoka hapo. Alinunua nyama robo na nyanya tatu, akatembea upesi bila kusalimia watu. Saa kumi na mbili mumewe hufunga mlango.

Mume mwenyewe walikwisha kuachana. Mahakama ya mji wa Kassel, Ujerumani, ilikuwa imeivunja ndoa yao, baada ya Tryphena kukaa huko miaka kumi na mmoja akiosha wazee wa watu, na Geoffrey Mwandawiro kumfungia ndani kila alipotoka zamu. Geoffrey alibaki huko na mwanamke mwingine. Tryphena alirudi na masanduku mawili na hukumu ya kurasa tisa, akafungua nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, akamkuta Geoffrey ameketi kwenye kiti kinachotazama mlango.

Si yule wa Kassel mwenye kitambi. Huyu alikuwa Geoffrey wa siku ya harusi yao kanisani Bura: kijana wa miaka ishirini na tisa, suti ya kijivu, ua jeupe kifuani, vipande vya karatasi za rangi nyweleni. Alimpokea sanduku moja, akamwuliza mbona amechelewa. Ilipofika saa kumi na mbili akafunga mlango, akautia ufunguo mfuko wa koti.

Tryphena alimpigia simu Geoffrey wa Kassel. Geoffrey alisikiliza mpaka mwisho, akasema huyo si yeye, yeye alishatoka kwenye ndoa hiyo. Kisha akauliza kama suti ni ile ya kijivu. Alipoambiwa ndiyo, alisema aliitafuta sana.

Mara mbili Tryphena alibadilisha kitasa, na mara zote mbili ufunguo mpya ulikuwa mfukoni mwa suti kabla jua halijatua. Alikwenda kwa mzee wa mtaa. Mzee alizipekua zile kurasa tisa, akazirudisha. Alisema hapa Kenya hao bado ni mume na mke, na ya mume na mke yana wenyewe. Akitaka msaada alete karatasi ya korti ya hapa. Watu wakazoea. Barua za mtaa zikaanza kuja kwa jina la Geoffrey. Kwenye chama cha kuchangiana pesa, akina mama hawakumpa Tryphena zamu yake mpaka waulize mumewe amesemaje. Aliyefurahi kuliko wote ni kaka yake, Sylus. Alikuwa amepata shemeji wa kunywa naye chai, shemeji asiyebisha, asiyezeeka, na asiyemwomba mtu chochote.

Yote hayo Tryphena angeyameza. Mtu huzoea hata kunguni. Lakini kule Bura mlimani, katika boma la Sylus, alikuwako mama yao, Rachel, mgonjwa wa moyo, na pumzi ya Rachel ilikuwa ikigoma jioni. Mchana aliweza kuchambua mboga na kuwasema watu. Jioni alihitaji mtu wa kumkalisha na kumshika mgongo. Tryphena alikuwa amewashika migongo wazee asiowajua kwa miaka kumi na mmoja, na hakuweza kukaa na mamake jioni moja. Jambo hilo lilimuuma, akawa analia cherehanini, halafu anapangusa machozi yasidondoke kwenye vitambaa vya watu.

Alijaribu mara moja kulala Bura. Geoffrey alipanda mlima kwa miguu kutoka Mwatate, akasimama getini, viatu vyake havina hata vumbi. Hakuita mtu. Sylus ndiye aliyetoa mkoba wa dada yake nje.

"Mume amesimama getini na wewe umekunja miguu hapa. Usituaibishe."

"Sylus, huyu tumeachana."

"Huko kwao. Hapa sisi tulikula wali wa harusi."

Ndipo Tryphena akaenda kortini, Voi. Karani wa masjala aliitwa Chrispine, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alihesabu zile kurasa, akasema hukumu ni nzuri ila imelala, na haiamki hapa mpaka jaji aitambue. Akamtajia vya kuleta: nakala yenye muhuri wa walioitoa, tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa, kiapo kwamba alikaa kule miaka ya kutosha, na ushahidi kwamba mume amepewa taarifa ya kesi.

"Mume anakaa wapi?" Chrispine aliuliza.

"Mmoja Kassel. Mwingine kwangu."

Chrispine aliandika anwani zote mbili, akampa nakala mbili za taarifa. Akamwonyesha benchi refu barazani. "Huyu wa hapa akija, akae pale na wenzake."

Wenzake walikuwa watano siku hiyo. Wote walivaa nguo za harusi, kila mmoja za mwaka wake. Bibi harusi mmoja mwenye shela alikuwa amekaa hapo muda mrefu hata wafagizi walikuwa wakifagia kumzunguka. Tryphena alipopita, wote walivuta miguu ndani kwa pamoja.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa. Tafsiri ilirudi ina muhuri lakini haina sahihi. Ikarudishwa, ikaja na sahihi, na kufikia hapo jaji yuko likizo. Hakuna aliyemfanyia Tryphena ubaya. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake, na miezi ikapita kumi. Geoffrey wa Kassel alitia sahihi zake siku ileile alipozipokea. Geoffrey wa Mwatate alihudhuria kila tarehe, akikaa benchini mikono magotini, na saa kumi na mbili alikuwa nyumbani.

Jioni moja ya mwezi wa Juni, mlango ukiwa umefungwa tayari, Rachel alipiga simu. Sylus alikuwa hayupo.

"Tryphe, njoo unishike mgongo."

Tryphena alimwomba Geoffrey ufunguo. Aliomba vizuri, akaomba kwa hasira, mwisho akapiga magoti kwenye sakafu aliyoilipia mwenyewe. Geoffrey alimtazama kwa uso uleule wa kwenye picha za harusi.

"Kesho," alisema.

Tryphena aliita dirishani. Jirani yake Valentine alikuja na mwiko mkononi, akauliza kama mzee yumo ndani. Akaambiwa yumo. Akasema basi waelewane, yeye hawezi kuingilia, akarudi kwenye sufuria yake kabla ugali haujashika chini. Tryphena alikaa kitako na simu sikioni. Alimwambia mamake akae wima, aegemee mbele kidogo, avute pumzi polepole, kama alivyowaambia wazee wa Kassel. Alihesabu pumzi pamoja naye. Alihesabu mpaka upande wa pili pakawa hapana kitu cha kuhesabu. Geoffrey, mezani, aliuliza chumvi iko wapi.

Asubuhi saa kumi na mbili mlango ulifunguliwa kama kawaida.

Kwenye mazishi Geoffrey alipewa nafasi ya mkwe. Alishika jeneza kona ya mbele, akatupa udongo wa kwanza baada ya Sylus, na watu wakasifu jinsi alivyokuwa nadhifu. Katika karatasi ya ratiba ya mazishi Tryphena aliandikwa mke wa Geoffrey.

Wiki tatu baadaye jaji alitoa uamuzi. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini, na alisoma bila haraka. Alimwuliza mlalamikiwa kama ana la kusema. Geoffrey alisimama, akasema yeye hajawahi kutoka Mwatate na anampenda mkewe. Jaji aliyaandika yote mawili. Kisha akasema mwombaji aliishi kule miaka ya kutosha, hukumu ya Kassel ilitolewa kihalali, na kuanzia leo inatambuliwa. Akamwomba mlalamikiwa aache ufunguo mezani. Geoffrey aliutoa, akauweka. Tryphena alipouchukua ulikuwa baridi kama umetoka kisimani. Nje aliitwa wa kesi inayofuata, na yule bibi harusi mwenye shela akainuka.

Siku hiyo Tryphena alirudi nyumbani peke yake. Jioni aliacha mlango wazi mpaka nondo wakajaa kwenye taa, na kile kiti kilikuwa kitupu. Alicheka kidogo, kisha akalia sana.

Jumapili alifanya makusudi kutoka Mwatate jua limeshaanza kushuka. Alitaka kukaa jioni moja kwenye kiti cha mamake, hata kama mwenyewe hayupo. Alifika Bura saa kumi na mbili na dakika chache. Kwenye nyumba ndogo ya Rachel taa ilikuwa inawaka, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akachungulia dirishani. Geoffrey alikuwa amekaa kwenye kiti cha Rachel, amekigeuza kitazame mlango, leso ya marehemu imekunjwa magotini pake.

Sylus alitoka jikoni kwake amebeba vikombe viwili vya chai.

"Korti imemtoa kwako," alisema. "Haijamtoa kwetu. Nyumba ya Mama ilikuwa haina mtu."

Tryphena alibisha hodi. Geoffrey aliuliza ni nani, na Tryphena akasema ni yeye.

"Kesho," Geoffrey alijibu.

Tryphena alitoa ufunguo wake, ule wa kortini, akaujaribu. Uliingia lakini haukuzunguka. Dirisha lilifunguliwa kiasi cha kikombe kupita, na Sylus akampa shemeji chai yake, kisha akamletea dada yake cha pili na kigoda cha kukalia pale nje.