Magomvi ya Kundi la Mashariki

Komeo la chumba cha uani lilisogea polepole, kama lililoshikwa kwa vidole lisilie. Lakini chuma ni chuma. Kililia kidogo tu, na Nekoye akafumbua macho gizani.

Ilikuwa Jumatatu, na haikuwa Jumatatu ya kwanza. Chumba hicho alikuwa amempangisha Nderitu, karani wa duka la mbolea na mbegu, kijana wa Ainabkoi mwenye salamu nzuri na viatu safi hata matope ya mtaa wa Pioneer yakizidi. Linah, mjukuu wa Nekoye, alimpenda. Jumamosi watu wa Nderitu wangekuja kumposa, na kwa kuwa Nekoye ndiye aliyemlea Linah tangu mama yake alipofariki, yeye ndiye angesema karibuni, au rudini.

Basi huyu kijana wa salamu nzuri alikuwa akimfungulia nani alfajiri?

Nekoye alivaa sweta, akajifunga leso juu yake, akatoka. Baridi ya Novemba iliuma. Pazia la dirisha la uani lilikuwa fupi, na chini yake palibaki nafasi ya kutosha jicho la mtu mwenye wasiwasi. Ndani mlikuwa na mwanga wa buluu wa kompyuta ndogo. Wanaume wawili walikaa kitandani bega kwa bega, wakigawana waya mmoja wa masikioni. Mmoja alikuwa Nderitu. Wa pili alikuwa Kimutai, mwendesha boda boda wa pale stendi. Hawakusema neno. Mara Nderitu akainua mikono yote miwili juu, kinywa wazi, bila sauti. Kimutai akajifunika uso.

Maombi gani hayo? Nekoye alikuwa ameishi Eldoret miaka mingi, ukiwemo mwaka ule wa moto baada ya uchaguzi, na mji ulikuwa umemfundisha kwamba wanaume wakikutana gizani na kunyamaza, ni vizuri mtu ajue wananyamazia nini.

Akasukuma mlango.

"Shosho," Nderitu alisema, akasimama haraka hadi waya ukamtoka sikioni. "Tumekuamsha?"

"Hamkupiga kelele. Ndiyo maana nimekuja. Asiye na la kuficha hafungui mlango kama mwizi."

Kimutai alicheka chini kwa chini, naye akamwita bibi kwa lugha ya kwao. "Gogo, ni mpira tu. Ule wa Wamarekani, wa kushika na mikono."

"Nani anacheza mpira saa hizi?"

"Kwao bado ni jana usiku," Nderitu alisema. Alimpa kiti, akamfunika magoti kwa blanketi lake mwenyewe. Nekoye aliuona wema huo, ila hakuutegemea. Hata mwizi anajua kutoa kiti.

Katika ukoo wao bibi hakumuuliza mchumba habari za ng'ombe wala shamba. Aliuliza magomvi. Watu wenu waligombana na nani, kwa sababu gani, na leo mkikutana mnasalimianaje? Mtu anaweza kupanga sifa zake wiki nzima, lakini magomvi yana mashahidi wengi. Nekoye alikuwa amekusudia kuuliza Jumamosi. Aliona afadhali aanze sasa, kabla kijana hajajiandaa.

"Hao ni nani na nani?"

"Wa jezi za kijani ni Philadelphia, timu yangu. Wa jezi nyeupe ni Dallas, ya huyu. Wako kundi moja, la Mashariki, na New York na Washington. Kila mwaka kila timu inakutana na wenzake hao mara mbili, nyumbani na ugenini."

Nekoye alimkazia macho. "Mtoto wa Mulongo, jirani yetu, anaishi Dallas. Anasema ni kusini, na joto lake ni kama la Lodwar. Mashariki imetoka wapi? Umeanza kunidanganya mapema."

"Gogo, hapo hajadanganya," Kimutai alisema. "Ligi ilipopanga makundi upya, sisi tukiwa watoto, Dallas ingeweza kupelekwa kwa majirani. Ikaachwa hapo hapo, kwa sababu ya magomvi ya zamani."

"Wakaachwa pamoja na maadui zao?"

"Sasa huko kwingine tungemchukia nani? Hatuwajui."

Nekoye alimfikiria Wacera, jirani aliyegombania naye kamba ya nguo miaka nenda miaka rudi, na ambaye alikuwa wa kwanza kumletea uji alipougua. Hakutabasamu. "Nani alianza?"

"Washington na Dallas," Nderitu alisema. "Dallas walipotaka kuingia ligi, mwenye timu ya Washington alikataa. Watu wa Dallas wakanunua kimyakimya haki ya wimbo wa timu yake, ule mashabiki wake walioupenda. Kama anautaka, akubali. Akakubali."

"Hao ni watu wa kuangaliwa," Nekoye alisema, akimgeukia Kimutai.

"Mimi sikuwepo, Gogo."

"Na wewe, Nderitu? Watu wako walikosa wapi?"

Kimutai ndiye aliyejibu, kwa furaha. "Aah, hapo ataona aibu. Mchezaji wetu alianguka uwanjani kwao, shingo imeumia, hainuki. Watu wa Philadelphia wakashangilia. Huyo mtu hakucheza tena."

"Ni kweli?"

"Ni kweli, Shosho."

Nekoye alisubiri kisingizio. Hakikuja. Nderitu hakusema ni walevi wachache, wala hakusema Dallas nao wana yao. Lakini hata kunyamaza mtu anaweza kufundishwa.

Kwenye kioo cha kompyuta, wa kijani walimpokonya mweupe mpira, na Nderitu akaanza kuinua mikono. Mweupe akabaki chini. Mikono ya Nderitu ikashuka. Alikaa, akatoa waya sikioni, akamimina chai kutoka kwenye thamosi na kumwekea Kimutai kikombe mkononi bila kumtazama.

"Unafanya hivyo kwa sababu nipo?" Nekoye aliuliza.

"Ingekuwa afadhali," Kimutai alisema. "Ni hivi kila mara, Gogo. Mtu wangu akianguka, huyu ananyamaza kama yuko kanisani. Mwaka jana nilikuwa nimemwandalia matusi mazuri sana. Yakaharibika."

Mchezaji alisaidiwa kusimama. Wote wawili wakapumua.

"Sasa mpira ni wetu," Nderitu alinong'ona, na Kimutai akamsukuma kwa bega.

"Na hili komeo la kunyatia, je?"

"Linah aliniambia ukiamshwa hulali tena."

Nekoye aliligeukia komeo. Wiki nyingi alikuwa amekosa usingizi kwa sababu ya kijana aliyekuwa akiulinda usingizi wake. Aliinuka, akakunja blanketi.

"Waambie watu wako waje Jumamosi. Lakini mama yako nitamuuliza magomvi yenu ya nyumbani. Akisema tofauti na wewe, nitajua."

"Muulize, Shosho."

Alipofika mlangoni alimtupia Kimutai jicho moja refu, la mtu ambaye hajasahau habari ya wimbo.

"Gogo," Kimutai alisema, kikombe kikiwa bado mkononi, "uje tena Jumatatu. Mimi hujaniuliza kitu."