Boga Lenye Jina

Tamaa mbele, mauti nyuma, na tamaa ya Verna ilikuwa boga. Lilikuwa la mzee Delbert, jirani yake, ila tawi lilivuka uzio likaja kuzalia kwa Verna. Siku mbili kabla ya Halowini, sikukuu ya kuchonga maboga sura za watu, huku madukani yamebaki maboga ya kuokoteza, Verna alijiambia kilichovuka uzio ni chake, akakata kikonyo. Mtu akitaka kuiba hakosi sababu.

Alitandika gazeti mezani, akakomba mbegu. Ubavu mmoja ulikuwa na makovu yaliyovimba. Akadhani ni kazi ya wadudu, akachonga mdomo wa sura papo hapo ili doa liondoke. Vipande vilipoanguka ndipo alipoona. Kushoto mwa mdomo palibaki HA, kulia IE, na juu ya gazeti zililala T mbili.

Kila mkulima wa maboga wa Ohio anajua: likiwa changa unalikwaruza jina kwa msumari, kovu likakua nalo. Kumbe ndiyo maana mzee alichuchumaa pale uzioni mwezi wa saba! Hattie ni mjukuu wake, anakuja kesho kutoka Arizona, Halowini yake ya kwanza kwa babu.

"Litupe kwenye mboji," alisema Roy, mumewe. "Atadhani kulungu wamelila."

"Tangu lini kulungu anakata kikonyo kwa kisu?"

"Basi nenda ukamwambie. Mimi simo."

Verna alijiona mtu ovyo kabisa. Akarudisha vipande kwa vijiti vya kuchokolea meno, na kesho yake alasiri akalibeba mpaka kwa jirani.

Delbert alifungua mlango. Nyuma ya mguu wake alichungulia binti wa miaka sita aliyevaa mabawa ya nyuki ya Halowini.

"Haa, Verna! Umelipata wapi? Nimeshawatukana kulungu wa wilaya nzima!"

Uongo ulikuwa umemjia tayari, na ungemtosha. Angesema tu kaliokota barabarani, na angeshukuriwa juu yake.

"Kulungu ni mimi, mzee. Nimelikata mwenyewe. Sikujua lina jina, lakini nilijua ni lako."

Mzee alipitisha kidole juu ya vijiti. Kidole kilitetemeka, na hakikuacha kutetemeka.

"Na mimi nilipanga leo nije kwako," alisema taratibu. "Nikuombe utuchongee. Mikono hii haishiki kisu tena."

Verna alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeombwa kwa heshima akichonge kile alichokiiba.

"Babu," Hattie aliuliza, "nani amelikata jina langu?"

Delbert akamwangalia Verna, akamngoja.

Verna akachuchumaa mpaka akalingana na yale mabawa. Kumwambia mzee kulikuwa rahisi kuliko hivi.

"Ni mimi, mama," alisema.